Breka Saba Nilizozifunga Kinyume

Mwaka huu nimeshuka kwenye paa mara ya mwisho. Goti la kushoto limekataa ngazi, na macho yameanza kuona waya mmoja kama wawili, jambo ambalo kwa fundi umeme si zuri hata kidogo. Vijana wa karakana yetu pale Ilomba, Mbeya, wakaniambia, "Babu, kabla hujasahau, andika." Haya, ninaandika. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nalo nililisoma nikiwa nyuma ya ng'ombe zaidi ya nyuma ya dawati, kwa hiyo msitegemee nitapanga mambo kama mwalimu. Vyeo sikupata, na habari za mshahara tuziache zilale. Nitawaeleza breka, kile kiswichi cha kukata umeme, nitawaeleza Fundi Atupele aliyenifundisha, na nitawaeleza kosa langu ambalo wengi wenu mmelisikia nusu, tena ile nusu inayonipendelea.

Mimi ni Msangu wa Ubaruku. Kabla ya sola nilikuwa mtu wa mashine ya kukoboa mpunga, injini ya dizeli, miaka zaidi ya ishirini. Kazi ile ilinifundisha kusikiliza. Injini ikitaka kuharibika husema mapema, ila watu hawasikii kwa sababu wanapiga kelele kuishinda. Masikio yangu mpaka leo yana mluzi wa ile injini, mke wangu anasema ndiyo maana simsikii akiniita kuchota maji. Sina hakika kama ni injini.

Siku moja mwenye mashine alileta fundi wa sola kwa ajili ya nyumba yake. Nilikuwa nimeshatimiza miaka arobaini na nane. Tukategemea ateremke mwanaume mwenye tumbo na miwani. Akashuka binti wa miaka thelathini hivi, Mnyakyusa, kofia ya sufu kichwani, kabeba begi la zana begani na blanketi la kijivu kwapani. Tukacheka. Mmoja akamwambia, "Dada, umekuja kufunga umeme au kulala?" Akajibu, "Nimekuja kulaza umeme, kaka. Wewe endelea kukesha." Huyo ndiye Atupele.

Mimi nikapewa kazi ya kumpandishia paneli. Zikawa zimeshaungwa, jua la saa sita linawaka, na mimi kwa ujuaji wangu nikaona waya mmoja umekaa vibaya, nikauchomoa. Mama yangu! Cheche ilitoka ndefu kama kidole, rangi ya bluu, na haikukatika mpaka nilipovuta mkono mbali. Niliona nyota mchana. Nikasema, "Mbona hukuzima?" Akanitazama kwa upole, akasema, "Baba, jua lina swichi wapi?"

Akachukua lile blanketi, akaziziba paneli, akapima kwa mita yake ambayo mfuniko wake ulifungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ndipo akagusa waya. Funika, pima, gusa. Kwa mpangilio huo huo, kila siku, kwa miaka yote niliyofanya naye kazi. Hata wateja wakiwa na haraka. Hata mvua ikitishia. Nilimwona siku moja ana homa ya malaria, anatetemeka, akafunika, akapima, akagusa. Jioni ya siku ile ya cheche nikamwomba nijifunze kwake. Watu walisema mengi, eti mzee mzima anafundishwa na binti. Mimi nilikuwa nimeona ile cheche. Wao hawakuiona.

Yeye aliniita Baba Neema, mimi nilimwita Fundi, na kati yetu heshima haikupotea kwa upande wowote. Akinikosoa mbele ya mteja alianza na "Baba Neema, samahani," halafu anakata kama wembe.

Sasa breka. Vijana mliotoka chuo mnajua kwa hesabu, mimi nitasema nilivyoelezwa mimi. Umeme wa gridi unapumua. Unakuja, unakata, unarudi, mara nyingi sana kabla hujapepesa jicho. Ukizima breka ya gridi, cheche inayoruka ndani yake inafia pale pale umeme unapopumua. Umeme wa jua haupumui. Unavuta moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona bwawa. Kwa hiyo breka ya sola ina ujanja wake ndani, kuna kisumaku kidogo kinachoisukuma cheche kwenda kwenye vibati vyembamba vikaikatekate. Ndiyo maana ukichukua breka ya gridi ukaifunga kwenye paneli, itawasha vizuri, itakaa vizuri, na siku ya kuzima itakuonyesha rangi yake.

Atupele alipenda sana kusema breka inalinda waya, hailindi tamaa. Kuna bwana wa Ubaruku breka yake ilikuwa inajizima kila akiwasha pasi na jokofu pamoja. Akaja na hasira, "Fundi, niwekee kubwa, hii ni goigoi." Atupele akamwuliza, "Mlinzi wako akikuamsha kuna mwizi, unamfukuza mlinzi?" Yule bwana akaondoka akaenda kwa fundi mwingine, akawekewa kubwa, waya ukayeyuka ndani ya ukuta. Alirudi. Atupele hakumkumbusha lolote, alimuuliza tu rangi gani ya ukuta wanatumia, akamfungia upya. Mimi ningemkumbusha.

Mambo mengine niliyojifunza kwake nayataja upesi. Kila waya ukishaubana kwenye skrubu, uvute, usiogope kuuvuta, bora utoke mkononi mwako kuliko utoke peke yake mwezi ujao. Baada ya mwezi rudi ukaze tena, maana shaba hulegea ikishapata joto. Na tundu la chini la boksi la breka lizibwe, mjusi akiingia kutafuta joto anabaki humo humo, amekauka, na mteja anakulaumu wewe.

Sasa lile kosa. Atupele alikwenda kwao Tukuyu kujifungua mtoto wake wa pili, akaniachia kazi miezi mitatu. Wakati huo nilikuwa nimeshamfuata miaka saba, najiona nimeiva. Breka tulizozoea zikaisha dukani, nikapewa za aina nyingine, nzuri tu, hazikuwa na ubaya wowote. Ila zile tulizozoea waya mwekundu kutoka kwenye paneli uliingia juu. Hizi mpya alama ya kujumlisha ilikuwa chini. Kaalama kadogo, kamechongwa kwenye plastiki nyeupe, bila rangi. Karatasi ya maelezo ilikuwemo. Mimi karatasi nilifungia sukari. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea juu, ukaweka juu. Nyumba saba.

Tena si hilo tu. Wakati ule mvua za radi zilikuwa zimeanza, na mimi kila mteja nilimsimamisha mbele ya boksi nikamfundisha, "Ukisikia radi, zima hapa." Niliona ninafanya wema.

Atupele akarudi, mtoto mgongoni. Alinikuta karakana, nyuma ya nyumba yake, nafunga boksi la nane. Akasimama nyuma yangu. Halafu akasema, "Baba Neema, samahani. Hiyo chanya unaiweka wapi?"

"Juu, Fundi. Kama siku zote."

Akachukua breka, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaniwekea kucha yake kwenye ile alama. Nikavaa miwani. Nikaiona.

"Ngapi?" akauliza.

"Saba."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Mtoto alimpa mama yake aliyekuwa amemsindikiza kutoka Tukuyu, akapanga paneli sita uani, akaziunga mfululizo, akafunga ile breka vile nilivyokuwa nafunga mimi, na upande wa pili akaweka koili ya jiko la umeme ili kuwe na kazi ya kuvuta. Koili ikawa nyekundu. Akaenda jikoni akarudi na mwiko wa ugali. "Sogea," akasema. Akausukuma ule ulimi wa kuzimia wa breka kwa ncha ya mwiko.

Ulishuka, lakini umeme haukukatika. Ndani ya breka kukawaka mwanga wa bluu, ukanguruma kama nyuki waliochokozwa, plastiki ikavimba, ikafanya tundu, moto ukatoka pembeni. Nikakimbilia ndoo ya maji. "Acha maji!" Akarusha blanketi juu ya paneli, moja, la pili, na moto ukanyamaza. Ikabaki harufu. Kisumaku, alinieleza, ukikigeuzia umeme kinaisukuma cheche kinyumenyume, mbali na vibati, inabaki inawaka pale pale mpaka itafune kila kitu.

"Ikikaa imewashwa haina neno," akasema. "Neno ni ukizima wakati jua ni kali." Akanitazama. "Wateja uliwafundisha kuzima wakisikia radi?"

Nikainamisha kichwa.

Wateja watano walikuwa hapa hapa Mbeya. Tuliwapigia jioni ile, Atupele akazungumza, wakaelewa, tukaahidi kuwapitia. Wa sita alikuwa Mafinga, naye alipokea. Wa saba alikuwa Mama Vumilia wa Kalenga, huko Iringa, mjane Mhehe, ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Boksi nililifunga kwenye chumba cha mashine, ukuta wa mbao, magunia ya pumba na chakula cha kuku yameegemea pale pale, na wajukuu zake wawili wanalala chumba cha pili. Simu yake haikupatikana.

Alfajiri tukaondoka kwa pikapu ya kaka yake Atupele, ile ya kubebea viazi, Atupele mwenyewe anaendesha, mtoto kabaki na bibi yake. Kufika Igawa simu ya Mama Vumilia ikapatikana. Na hapa ndipo ninapowaomba msikilize, maana hii ndiyo ile nusu ambayo huwa haisimuliwi. Nilizungumza mimi. Nikamsalimia kwa Kihehe, "Mama, kamwene, tuko njiani tunakuja kufanya sevisi kidogo." Akasema karibuni. Nikakata.

Atupele akauliza, "Umemwambia asizime?"

"Asubuhi hii radi itoke wapi, Fundi? Tutafika."

Akaendelea kuendesha. Ukweli ni kwamba ningemwambia asizime angeuliza kwa nini. Mama Vumilia na mimi tulikuwa watani wakubwa, Msangu na Mhehe, siku nafunga ile kazi alikuwa ananitania mchana kutwa, nami nilikuwa nimejitapa kwake kwamba hajapata kuona fundi kama mimi. Nikaona haya. Kwa ajili ya haya yangu nikamwacha mwanamke na moto ukutani.

Tulipoipita Makambako mawingu yakaanza kuonekana mbele, meusi, upande wa Iringa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Karibu na Mafinga akapokea.

"Mko wapi nyie? Huku radi inaunguruma kule mlimani, ndiyo nainuka nikazime kile kiswichi chako."

"Jua lipo, mama?"

"Linachoma balaa."

Atupele akaegesha gari pembeni, akazima injini. Akasema taratibu, "Sema yote, Baba Neema. Ukisema nusu atazima."

Nikasema, "Mama, usikiguse."

"Si ulinifundisha mwenyewe? Ulinisimamisha pale kama mtoto wa shule, radi zima, radi zima!"

"Nilikifunga kinyume. Kosa ni langu. Ukikizima jua likiwa kali kinaweza kuwaka moto mkononi mwako."

Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Wewe Msangu," akasema. "Unajua nimeshakizima mara ngapi?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Ila huwa nangoja wingu lifunike kwanza. Kuzima jua likiwepo naona kama kumwaga maji safi."

Mnaona? Ubahili wake ndio ulikuwa breka. Siku hiyo aliinuka mapema kwa sababu mayai yalikuwa siku ya kumi na nane, mia sita, yamebakiza siku tatu tu kuanguliwa, na aliogopa radi impigie mashine.

Atupele akachukua simu. "Shikamoo mama. Mimi naitwa Atupele, fundi wake. Paneli zako ziko chini, nyuma ya banda, si ndiyo? Chukua mablanketi, mashuka, turubai, chochote kizito, uzifunike zote, uweke mawe pembeni upepo usifunue. Boksi usiliguse. Magunia yatoe mle ndani, watoto wakacheze kwa jirani. Mayai uyaandalie maji ya moto kwenye madumu, betri ikichoka uyaweke ndani ya mashine."

Alisema yale kwa sauti ile ile anayoagizia chumvi. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti virefu, sijaona mwingine ambaye hofu inampita pembeni namna ile.

Tulifika Kalenga saa nane. Paneli zilikuwa zimevikwa kama bibi harusi: mablanketi, vitenge, kitambaa cha meza, na juu kabisa shuka jeupe lenye maua la mgeni. Radi ilikuwa imepita upande wa mto bila kushusha hata tone. Betri imekata, mashine kimya, madumu ya maji moto ndani yake. Mama Vumilia amesimama mlangoni na ufagio.

"Kamwene, mnyalukolo," nikasema, yaani salamu, ndugu yangu.

"Unyalukolo umeishia Mafinga kwenye simu," akasema. "Babu zenu Wasangu mikuki iliwashinda hapa hapa Kalenga, sasa wewe umetumwa unimalize kwa waya?"

Atupele akajifanya anatafuta kitu ndani ya begi, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilipiga magoti pale mlangoni nikaomba radhi, kwa Kihehe changu cha kuvunjika, na yeye akarekebisha maneno mawili kabla ya kupokea. Halafu akauliza, "Na asubuhi, uliponiambia sevisi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani kugusa mayai yake.

Nilitegemea Atupele afunge mwenyewe. Alipima waya wa paneli, akapima tena, akaona hakuna umeme unaopita, akaitoa breka yangu. Halafu akanipa bisibisi. "Funga," akasema, akasimama nyuma yangu. Nyumba nyingine sita tulizirudia baadaye, kote tulieleza kosa ni la nani, na mteja mmoja alituzuia getini mpaka alipoona Atupele haondoki, anasubiri tu, akafungua. Lakini ya kwanza ilikuwa hii ya Mama Vumilia. Nikavaa miwani. Nikatafuta alama. Mwekundu nikauweka chini. Nikabana, nikavuta. Atupele akakagua skrubu moja moja, kama anavyokagua kazi ya mtu yeyote, wala hakuniongezea wala kunipunguzia.

Tukafunua paneli. Jua la alasiri likapiga, inveta ikalia, mashine ikaamka, taa yake nyekundu ya joto ikawaka. Mama Vumilia akaondoa madumu. Atupele akamwambia, "Sasa mama unaweza kuzima wakati wowote, hata jua likiwa la utosi. Jaribu."

"Mimi?" Mama Vumilia akakunja mikono. "Azime huyo."

Atupele hakunitetea. Alisogea hatua moja nyuma, akaniachia nafasi. Nikatafuta mwiko kwa macho, nikaona haya kuuomba. Wajukuu walikuwa wamesharudi, wanachungulia dirishani. Koili za mashine zote zilikuwa zinavuta. Nikaweka kidole kwenye ulimi wa ile breka, nikasali sala fupi ya Kilutheri, ile ya kabla ya kula maana ndiyo iliyokuja, nikazima.

Ta.

Basi. Hakuna mwanga, hakuna ngurumo ya nyuki, hakuna harufu. Taa nyekundu ikafifia, feni ya mashine ikazunguka taratibu mpaka ikasimama. Nilikuwa bado nimeshikilia ule ulimi, siwezi kuutoa mkono.

Mama Vumilia akanitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena.

"Washa basi," akasema. "Mayai yangu yanapoa."